Buluu ya Mama Vipande

Majirani walimwita Mama Vipande, na jina likamkaa. Ukutani kwake hakukuwa na picha ya mtu wala ya ua, ila vipande vya karatasi alivyovipaka rangi mwenyewe, mraba kando ya mraba, kutoka dirishani hadi mlangoni. Alikuwa akichunguza jinsi rangi zinavyoishi pamoja. Kijivu kile kile, akikiweka juu ya nyekundu, kinaingia ukijani. Akikiweka juu ya kijani, kinaona haya na kupata wekundu. Ukitaka kuijua rangi, alikuwa akisema, muulize jirani yake. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, ndiye aliyemkatia karatasi, huku akilalamika kwamba alioa mke akaletewa duka la rangi. Usimwamini. Hakuna siku mkasi wake ulipogoma.

Macho ya bibi huyu yakaanza kuingia ukungu. Aliahirisha na kuahirisha, mwishowe akapiga moyo konde, akaenda kutolewa mtoto wa jicho. Aliporudi akaenda moja kwa moja ukutani.

Ukuta mzima ulikuwa umezama kwenye buluu. Kijivu chake kilikuwa buluu, hata nyeupe. Akaelewa papo hapo: ukungu ule ulikuwa wa manjano, ukimmezea buluu, naye kila alipochanganya rangi alizidisha buluu ili mambo yakae sawa. Kazi ya miaka, vipimo vyote, imekwenda upogo! Akaanza kubandua vipande, kimoja baada ya kingine, machozi yakimtoka.

Mumewe akamshika mkono taratibu.

"Wewe ulikuwa unaiona hii buluu?" bibi akamuuliza.

"Tangu ilipoanza."

"Na ukanyamaza, mume wangu?"

"Nilidhani umeipenda. Nikajizoesha, mpaka na mimi nikaipenda." Akaonyesha dirishani kwa kidevu. "Unadhani mapazia yale niliyashona kwa nini?"

Bibi akayatazama. Buluu tupu, na pindo limenyooka. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza, lakini huyu mzee alikuwa amepita kiasi. Bibi akacheka huku analia, akavirudisha vipande ukutani. Kisha akaketi mezani, akavuta kopo la rangi.

"Nikatie karatasi nyingine," akamwambia. "Ila safari hii uniambie unachokiona."

"Hata kama ni kibaya?"

"Hasa kama ni kibaya."

Mzee akachukua mkasi. Kabla ya kukata, akaisogeza karatasi dirishani, akaitazama vizuri.