Ile Majani Nyuma ya Nyumba

Nikuulize, mutoto wangu: nyumba yako iko na nyuma? Usicheke! Mi nikiingia kwenu vijana naona mbele maua, mbele sementi, mbele viti vya plastiki. Nikizunguka nyuma, majani imefika mu dirisha. Njoo ukae hapa, chai itatukuta tukiongea.

Mi nilizaliwa Buyenzi, mutaa ya mujini, katikati ya magaraji na kelele. Wakati ya vita nikaolewa na fundi wa magari, akanipeleka Kanyosha, kule juu, nyumba ya mwisho kabisa. Nyuma yetu ilikuwa mulima na majani, basi. Tuliishi na mama yake, Bibi Aziza. Miguu yake ilikuwa imekufa na rimatisme, ile ugonjwa ya viungo, lakini mudomo, we! Mudomo ilikuwa inatembea mpaka sokoni na kurudi.

Nakumbuka siku moja mvua imeisha, akaniita.

"We mutoto wa Buyenzi, majani unajua ni ya chai tu. Chukua jembe. Zungusha nyumba yote, hatua kumi kila upande, nataka kuona udongo. Kiangazi ya huku inawaka mulima muzima."

"Mama, tukikata, tutajificha wapi?"

Maana ile miaka, risasi ikianza, sisi wa juu hatukukaa mu nyumba. Tuliacha majani irefuke kwa makusudi. Ukisikia ta-ta-ta, unabeba watoto, unaingia mule, unalala tumbo chini mpaka itulie. Mi ile majani ilinificha mara tatu. Niliipenda sawa na ndugu yangu.

"Na tena," nikamwambia, "nyumba ikibaki uchi itaonekana kutoka mulimani."

"Inaonekana toka zamani! Hii mabati yetu mpaka Kongo wanaiona."

Tukacheka wote wawili. Bon, nikakata. Lakini nilikata mbele tu, kwa sababu Idi ilikuwa karibu na wageni watapita pale. Nyuma nikaacha. Na ile niliyokata, unajua niliipeleka wapi? Nikaisukuma nyuma, nikairundika kwa ukuta, pembeni ya kuni, ikauke nipate ya kuwashia moto. Mi nikajiona mutu wa akili.

Bibi Aziza akaiona. Kesho yake nikamukuta nyuma ya jikoni, amekaa chini, na kajembe kadogo, anavuta majani, anasogea na matako, anavuta tena. Kila siku hivyo, kidogo kidogo.

"Mama, simama, watu watasema nakutesa!"

Unasikia aibu yangu? Niliogopa midomo ya watu. Jembe kubwa lilikuwa pale kwa mulango, mikono yangu mizima, na sikulishika. Kiangazi ikafika katikati, bibi alikuwa amesafisha nafasi ya kutandika mikeka miwili tu.

Siku moja alikuwa amemaliza kuswali alasiri, pale pale kwa nafasi yake. Bwana yangu yuko kazini. Risasi ikaanza mulimani. Nikafunga mutoto muchanga mugongoni, nikashika mukono wa Hawa, alikuwa na miaka mine. Bibi akashika mukono ingine.

"Huyu anabaki. Niko nasikia harufu ya moshi. Usiingie mule, mutoto wangu!"

Nikavuta. Akavuta. Risasi ikalia karibu, nikaachilia. Mungu anisamehe, nikaachilia mukono ya mutoto wangu nikakimbia mu majani.

Majani ya kiangazi ikishika moto inalia sawa na mvua kubwa. Mi kweli nilisema ni mvua! Nikainua kichwa: juu kote imekuwa manjano, na panya wanapita juu ya miguu yangu wanashuka. Nikawafuata panya. Nilifika mutoni, nikasimama mu maji na muchanga wangu, na kutoka pale nikaona mabati yetu inafuka.

Nani aliwasha, mpaka leo sijui. Lakini njia iliyopita najua, kwa sababu ni mi niliitengeneza. Moto ilishuka na majani mpaka kwa ile rundo yangu, rundo ikawasha kuni, kuni ikawasha dirisha, dirisha ikapeleka moto mu mbao za juu.

Niliporudi, ilibaki kuta. Bibi Aziza alikuwa kwa nafasi yake ya mikeka miwili, amejikunja sawa na mutu anasujudu. Chini yake, Hawa. Alimwagia kitenge maji ya udhu iliyobaki, akamufunga nayo, akageuzia moto mugongo yake mwenyewe. Mutoto alikohoa, akalia. Nywele hata moja haikuungua. Mugongo ya bibi... apana, hiyo sikuambii.

Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa, tukamulaza kwa jirani. Alikaa siku tatu. Siku ya pili nikamwambia, "Mama, unisamehe." Akanitazama.

"Nimekusamehe. Jembe liko pale pale."

Tulipomuzika, bwana yangu akazunguka kuta akitafuta tundu ya risasi. Hakupata hata moja.

Basi mutoto wangu, mvua ikiisha tu, kata majani hatua kumi, kila upande. Ukikata, peleka mbali, usirundike kwa ukuta. Kuni na makaa viondoe pembeni ya nyumba. Fagia majani makavu juu ya mabati. Na usikate pale wageni wanaona tu, moto haijui mbele. Mungu awape nyumba zenye amani, na mikono isiyochoka, na wazee wenye mudomo.

Hawa leo ni mama ya watu. Binti yake Zuhura amejenga kule kule juu. Juzi nilienda kumuona. Mbele, maua, raha tupu! Nyuma, majani kwa dirisha na magunia ya makaa kwa ukuta. Nikatafuta jembe, nikakaa chini na uzee wangu huu, nikaanza kuvuta. Akatoka mbio:

"Bibi, simama! Watu watasema nakutesa!"

Nikamuhadithia yote, hivi ninavyokuhadithia we. Halafu akanitoa jembe mukononi.

"Bibi, naapa. Kila mvua ikiisha, kabla ya Idi, kabla ya wageni, hatua kumi. Na nitaanzia nyuma."