Niliulizwa Kaburi Nikajibu Ghorofa

Nimeharibu posa ya watu, na niliiharibu kwa mdomo huu huu ninaojivunia. Jina langu msilitafute. Walioko Goziba wanalijua na wanalitukana bila msaada wenu.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la nne, Muleba. Leo nina nyumba Kibeta, Bukoba mjini, yenye vigae mpaka jikoni, na wenye digrii ndio wapangaji wangu. Watu husema sisi Wahaya tunajisikia. Mimi najisikia, na sijamwomba mtu ruhusa.

Kijaluo nilikipata kisiwani Goziba, nikivuta nyavu ujanani pamoja na Wajaluo waliotoka Rorya. Kichina nilikipata kwa Wachina waliojenga barabara, nikiwapikia. Siku hizi nafanya biashara ya mabondo, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Mjaluo anavua, Mchina anataka, na katikati nimekaa mimi.

Wasomi wanalinganisha lugha kwa vitabu. Mimi nililinganisha kwa masikio. Kichina kinakatwa upesi kama kitunguu, Kijaluo kinavutwa kama wavu wenye samaki. Lakini zote mbili zinataka sauti ipande na ishuke mahali pake, na zote zinamtukuza mzee. Mchina akikuheshimu anakuita mzee hata kama hujaota mvi. Mjaluo naye anakuita Jaduong', mtu mkubwa. Mtu anitajie mwalimu aliyewahi kumfundisha hayo pale mjini. Hayupo. Nilitembea Bukoba nzima nikijiita Profesa, na watu wakaitika.

Sasa sikilizeni ujinga wa Profesa.

Mnunuzi wangu mmoja, Chen, kijana mpole, alimpenda Akinyi, binti wa mzee mmoja mwenye mitumbwi kule Goziba. Akinyi naye alimpenda. Wenyewe walielewana kwa Kiswahili cha kuokoteza, "mimi njaa", "wewe zuri", na kiliwatosha. Lakini baba mtu alisema mambo ya mtoto wake hayatasemwa kwa lugha ya sokoni. Yatasemwa kwa Kijaluo, mbele ya wazee waliotoka kwao Rorya, na Chen ajibu kwa lugha ya mama yake. Nani atafsiri? Bado mnauliza?

Akinyi alinifuata pembeni kabla hatujaingia. "Mzee wangu, sema wanachosema. Usiongeze pilipili."

"Binti, mimi nimetafsiri kwa mainjinia," nikamjibu.

Tukaingia. Chen alileta sukari, majani ya chai na vitenge vya mama, akaketi ameshika magoti. Wazee wakamtazama. Kisha baba mtu, Jaduong' mwenyewe, akaniambia, "Muulize huyu: mtoto wangu akifa, atalala wapi?"

Nilielewa kila neno. Hapo ndipo naomba mnishike vizuri, maana wapo wanaosema Kijaluo changu kilinikimbia. Hakikunikimbia. Nilichofanya ni kudharau. Kwetu Uhayani siku ya posa hatutaji kaburi. Tunatafuna kahawa, tunakunywa rubisi ya ndizi, tunatania. Nikasema moyoni, hawa wavuvi hawana hata adabu ya kuposwa. Nikaona nimfichie mgeni aibu yao.

Nikamgeukia Chen: "Anauliza nyumba yako kwenu ikoje."

Chen akafurahi, maskini. Akasema amenunua nyumba mjini kwao, ghorofa ya juu kabisa, unapanda kwa lifti, na dirishani unaona mto. Nikawafikishia wazee neno kwa neno, nikaongeza kwamba hata mimi sijawahi kuona jengo refu hivyo.

Mzee mmoja akatema mate chini. Jaduong' akasema, "Nimeuliza kaburi, mnaniletea ngazi. Muulize tena."

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikamwambia Chen, "Anauliza kama nyumba ni yako au umepanga." Akasema ni yake. Nikawaambia wazee ni yake.

"Huko juu wanazika hewani?" yule mzee akauliza, na wengine wakacheka kicheko kibaya.

Jaduong' hakucheka. Akasema mtu asiye na udongo hawezi kupewa mtu, na mazungumzo yameisha.

Hapo nikatia kosa juu ya kosa. Kwetu "hapana" ya kwanza ni sehemu ya karamu. Mgeni wa posa anapigwa faini kwa kuchelewa, kwa kukohoa, kwa kukaa vibaya, anafukuzwa kwa mdomo huku anamiminiwa rubisi. Nikajua tu na hawa wanatunisha misuli. Nikamwambia Chen, "Mambo mazuri. Watakuita tena. Washukuru."

Chen akasimama, uso umejaa tabasamu, akawainamia mmoja mmoja.

"Tunamnyima, anacheka?" Jaduong' akauliza. "Anatucheka sisi?"

Nilimwambia ni mila ya Wachina. Ilikuwa kweli, lakini nani angeniamini? Tulipotoka, Akinyi alikuwa amesimama nyuma ya nyumba amejishika kichwa. Alikuwa amesikia yote upande wa Kijaluo. Upande wa Kichina hakuujua, kwa hiyo akaamini hata yeye kwamba Chen aliulizwa kaburi akajisifia lifti. Hakumpokelea simu tena.

Nami niliendelea kujigamba. Nilisema Wajaluo ni wakaidi, watarudi tu. Hawakurudi. Chen akasubiri kuitwa mpaka akachoka, akaamua kurudi kwao.

Kabla hajaondoka nilimpeleka Muleba, kwenye kibanja changu, aonje ndizi za nyumbani. Pale katikati ya migomba wamelala baba na mama yangu, kama ilivyo kwetu. Chen alipoona makaburi akasimama. Akachuchumaa, akaanza kung'oa magugu kwa mikono, bila kuambiwa.

"Hata kwetu kijijini," akasema, "bibi yuko kilimani nyuma ya nyumba ya baba. Kila mwaka tunakwenda kufagia. Baba alinionyesha mahali pangu, na pembeni pake pa mke wangu."

Nilikaa chini kwenye majani. Mke wangu alitoka na sahani akauliza kama naumwa.

Niliwahi boti ya kwanza niliyoipata kwenda Goziba. Nilimkuta Jaduong' amefungua injini ya mtumbwi, mikono imejaa grisi. Nikamweleza yote, na lile la kilimani. Akaendelea kufunga nati.

"Ningempa," akasema. "Yule kijana alikuwa ananisalimia mimi kwanza, kabla ya kutazama samaki." Kisha akaniangalia. "Kijaluo changu kilikuwa kigumu?"

"Hapana, Jaduong'."

"Basi kutafsiri hakukukushinda. Ulinisahihisha. Darasa la nne unamsahihisha baba wa mtu."

Nikamwomba niende nikamwambie Akinyi. Akasema Akinyi ameshaolewa Rorya, ng'ombe wameshaingia, na mume wake ni mtu mwema. "Ukamwambie ili alale na nani kichwani? Limeze hilo. Na mabondo yangu usiyafuate tena."

Kisiwa kizima kikafuata kauli yake. Wakiniona mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, wanaitana, "Profesa wa lifti huyo." Nastahili. Chen nilimwandikia ukweli kwenye simu; alama zinaonyesha aliusoma.

Kwa kuwa Akinyi nimekatazwa, nawaambia ninyi. Wewe unayejiona bingwa kwa sababu unazo lugha mbili tatu, sikiliza. Ukipewa neno la mtu ulipeleke kwa mwenzake, lipeleke lilivyo, hata kama kwenu ni tusi, hata kama linakutia haya mbele ya mgeni. Wao hawakukuomba adabu yako. Jaduong' na Chen walikuwa watu wawili wanaofanana, wakatenganishwa na mimi niliyeketi katikati nikiwaona wote washamba.