Ng'ombe wa Udongo Kwenye Zahanati ya Ndalambo

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati ya Ndalambo kutafuta dawa ya macho. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, wa miaka kama minne. Mtoto alikuwa amelia siku mbili bila kusema kinachomsumbua.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" dresa aliyekuwa akitibu wagonjwa alimwuliza. Mtoto akajificha nyuma ya bibi yake. Dresa akamgusa tumbo, mtoto akalia. Akamgusa kichwa, akalia vilevile. Dresa akainuka kuchukua chupa ya dawa ya tumbo.

"Ngoja kidogo, baba," bibi akasema. Akafungua pindo la kanga, akatoa ng'ombe wa udongo, mdogo kama kiazi, akamkabidhi mtoto. "Ng'ombe wetu anaumwa wapi leo?"

Mtoto akafuta machozi. Akamgeuzageuza ng'ombe, kisha akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la ng'ombe huyo.

Dresa alichungulia sikio la mtoto, akachomoa harage kwa koleo ndogo. Kilio kikakoma.

"Nani alikufundisha hivi, mama?"

"Nani anifundishe? Nawafinyangia tu wajukuu, wajifunze pembe, mguu na sikio."

Dresa akamshika bibi mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mama. Ningemnywesha dawa bure."

Nami namshukuru bibi yule, maana kwangu watoto wakigusa udongo hufokewa. Nilipofika nyumbani nilitangaza kwamba sasa ruksa kufinyanga.

"Vizuri," mke wangu akajibu. "Nguo utafua wewe."

Nimefua mara mbili tayari, wala sinung'uniki.