Siku Zulia la Bahari Liliponikamata Tai

Jamani, kuna aibu ambayo hata miaka ikipita, ukiikumbuka uko peke yako jikoni unajikuta umefunika uso, na yangu ni ya siku ile nilipomwamkia baba mkubwa wa mchumba wangu Esta huku nimeinamia tangi la samaki kama ng'ombe anayekunywa maji.

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu wa baiolojia Mtwara, nimepanga Likombe (kwetu Njombe, bahari nimeiona ukubwani, ndiyo maana ilinipumbaza). Jirani yangu Bi Somoe, aliyekuwa akienda kuchokoa pweza maji yakitoka, ndiye aliyenionyesha yule mnyama: kajitandaza mchangani, mpana kama sinia, kijani iliyofifia, vinyweleo vifupi vimesongamana mpaka unadhani ni zulia, na ndivyo tulivyomwita, zulia la bahari. Kamba akimgusa tu, kanasa, lakini samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wanalala humo humo katikati yake wala hawadhuriki! Nikampenda. Fundi vioo akanitengenezea tangi, nikabeba maji ya bahari kwa madumu juu ya baiskeli, nikatia mchanga, mawe na pampu, na kwa miezi mitano akaishi sebuleni kwangu, walimu wenzangu wakija chai inawapolea mkononi kwa kumtazama.

Sasa Jumamosi moja baba mkubwa wa Esta, mzee wa bandarini, mtu asiyecheka ovyo, akaja na Esta kuniona ninavyoishi kabla hajatamka lolote kuhusu posa. Nikavaa tai (ya mkuu wa shule, na yeye ndiye aliyenifungia, mimi sijui kuifunga mpaka leo). Nawasikia wanavua viatu barazani, natupa jicho kwenye tangi, naona mnyama kajibana kona ya nyuma, wageni hawatamwona vizuri, nikasema ngoja nimsogeze kidogo tu. Kidogo! Nikainama, mkono haujafika, tai ikatangulia majini, naye akaidaka na kuanza kuimeza.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikiutazama mchanga.

"Marahaba. Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu, baba. Nimeshikwa."

Kila nikijivuta, fundo linazidi kunibana shingoni.

"Vuta kwa nguvu!" akasema mzee.

"Nikivuta atachanika, baba."

"Basi tuikate hiyo tai."

"Ni ya mkuu wa shule."

Kisha nikamsikia Esta akikimbia kumwita Bi Somoe, aliyekuja na unga mikononi.

"Ntulie nyie!" akasema. "Asivutwe ntu. Kaonja kitambaa, akishajua si chakula atakiachia mwenyewe."

Basi nikabaki vile vile, kidevu kinagusa maji, na mzee, kwa kukosa la kufanya, akavuta kiti akaanza kutazama. Anakula nini? Ana macho? Hawa wawili mbona hawafi? Nikamjibu yote kutoka humo humo, maji ya chumvi yananiingia puani, na sauti yake ikawa inalainika kila swali.

"Miaka yote nipo bandarini," akasema polepole, "na kitu kama hiki kipo hapo chini?"

Ilipita kama nusu saa ndipo mnyama akafungua kinywa, akaitema tai, vinyweleo vikaiachia kimoja kimoja, kwa adabu zake. Nikanyanyuka, shingo imekakamaa, shati limelowa, nikasubiri kufukuzwa.

Mzee akamgeukia Esta. "Huyu mwenzio akili anazo kidogo," akasema, "ila hana mikono ya kuumiza. Tutaongea."

Maji yalipotoka sana, mimi na Bi Somoe tukamrudisha mnyama alikotoka, pamoja na samaki wake. Nimeapa sitamwondoa tena kiumbe mahali alipopachagua mwenyewe, eti wageni wanisifu. Akauzamisha mchangani ule mguu wake mmoja wa kujishikizia, akakaa muda amejikunja, halafu akaanza kujifungua taratibu, akatanda mpana kuliko nilivyowahi kumwona sebuleni kwangu, nami nikasimama pale, maji magotini, nikimtazama.