Jina la Mjomba Katika Klabu Iliyofutwa

Kazi ya mjomba wangu ni kuupa mgongo mpira. Siku za mechi huvaa koti la njano linalong'aa, husimama kando ya uwanja wa Wembley, na kanuni ya kazi yake ni kwamba macho yawe kwa mashabiki, si kwa wachezaji. Watu maelfu huruka mbele yake kwa ajili ya goli ambalo yeye hajaliona. Akirudi nyumbani humuuliza mke wake, ambaye ametoka kuhudumia wagonjwa kutwa nzima: "Wamesemaje redioni? Lilikuwa goli zuri?"

Mtu huyu alicheza mpira wa kulipwa nchini China. Ndivyo alivyotuambia siku zote, tangu mimi niko Tanga na yeye akitupigia simu kwa sauti ya mwangwi. Na mimi, kwa wiki tatu mwaka huu, niliamini kwamba anadanganya. Sikumwambia mtu. Naandika sasa kwa sababu sijui mahali pengine pa kuliweka jambo hili.

Kwa kinyozi tunakokwenda wote, mjomba kunyoa na mimi kumsubiri tukaseme habari za nyumbani, kumejaa wanaume wenye ndimi kali. Humwita Mchina.

"Mchina, klabu yako iko daraja gani siku hizi?"

"Haipo."

"Imeshuka?"

"Imefutwa."

"Ah! Kwa hiyo ulichezea klabu isiyokuwepo."

"Ilikuwepo nilipokuwepo mimi."

"Basi mmefutwa pamoja, kaka. Pole."

Mjomba hucheka nao. Ana picha moja tu, amevaa jezi ya mazoezi isiyo na nembo, nyuma yake ukuta mweupe. Kinyozi aliitazama siku moja, akasema ukuta huo anaujua, uko Tanga karibu na stendi.

Mambo yakawa mazito pale timu ya Waswahili wa Barking, upande wa pili wa London, ilipotafuta kocha. Ni timu ya Jumapili, lakini ina kamati, na kamati ina mwenyekiti anayependa karatasi. Mgombea mwingine alikuwa na cheti cha ukocha. Mjomba alikuwa na picha ya ukuta. Wakampa mwezi mmoja alete ushahidi wowote. Akaja kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua koti.

"Wewe si ndiye unayejua Kichina?"

Sijui Kichina. Nimejifundisha mwenyewe kwa simu, kwenye basi la kwenda kazini, miaka minne. Hivyo ndivyo nilivyojifunza karibu kila kitu, na ubaya wake ni mmoja: aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia basi, imetosha. Kazini naandika barua za miadi za kliniki. Barua ya mistari mitatu naweza kuirudia mara tisa. Mkuu wangu husema niko makini. Mimi najua ni woga.

Hata hivyo nilikubali. Nilijua mjomba anataka nini. Hakuutaka ukocha ili aitwe kocha. Alitaka, mara moja kwa wiki, asimame akiutazama uwanja.

Klabu niliipata haraka. Ilianzishwa na kampuni ya kujenga majumba katika mji wa kaskazini wenye baridi na viwanda vya chuma. Haikuanza chini kama timu za kwetu. Ilinunua nafasi ya klabu nyingine iliyochoka, ikabadilisha jina na jezi, ikaingia daraja la pili na mashabiki wasiokuwa na wimbo. Msimu wa pili wakawa na wimbo. Nilisoma masimulizi ya watu waliobeba vitoto vyao mabegani kwenye theluji. Siku ya mwisho ya msimu huo, nyumbani, mvua ikinyesha, goli moja likaipandisha ligi kuu, na mji mzima ukatoka barabarani na masufuria.

Mjomba alisema goli hilo ni lake.

Baada ya hapo ni kuanguka tu. Majumba yakakosa wanunuzi. Mwenye klabu akaihamisha mji mwingine, kusini, kwa treni ya siku nzima. Asubuhi mashabiki wa kaskazini waliamka wakakuta timu yao ni ya watu wengine, wenye lafudhi nyingine. Kule kusini ikapewa jina jipya, kisha jingine. Watu hawakuzoea hata moja. Kabla ya msimu mmoja kuanza likatoka tangazo fupi kwamba klabu haitashiriki. Hakuna aliyeaga. Shabiki mmoja wa kaskazini aliandika kwamba bado ana skafu, lakini hajui aivae kwa ajili ya nani. Sentensi hiyo niliitafsiri mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Nikaanza kumtafuta mjomba. Nilijaribu jina lake kwa kila namna ambayo Mchina angeweza kulitamka, la kwake, la baba yake, la babu. Orodha za wachezaji zilikuwa na wageni wanne tu: Wabrazil wawili, Mserbia mmoja, na mshambuliaji mmoja ambaye hakuandikiwa nchi. Huyo wa nne aliitwa kwa herufi mbili za Kichina, "na", kisha "mu". Namu. Ndiye aliyefunga goli la mvua. Nikadhani ni mtu wa visiwa fulani huko Pasifiki.

Wiki ya kwanza nilimwonea huruma mjomba. Ya pili nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho anaposimulia. Ya tatu nikaacha kumuuliza maswali, kwa sababu niliogopa kumsikia akiongeza uongo juu ya uongo. Jumanne ya wiki hiyo mwenyekiti akanipigia.

"Dada, vipi? Umempata mzee wako?"

Ningeweza kusema natafuta. Ningeweza kusema niacheni hadi Jumapili. Lakini mimi napenda kusema kilicho sahihi kabisa, wala si zaidi.

"Bado sijampata kwenye orodha."

"Bado hujampata. Haya, ahsante."

Alilirudia taratibu, kama anayeandika.

Ijumaa mchana nilikuwa kwa mjomba. Shangazi, mkewe, yuko jikoni anakuna nazi. Mjomba sebuleni anapiga pasi koti lake la njano kwa moto mdogo lisiyeyuke. Shangazi akamwita kwa jina. Mjomba akaitika kama wanaume wa kwetu wanavyofunzwa tangu wadogo, kama mimi nilivyofunzwa kuitika abee:

"Naam!"

Niliweka kikombe chini. Kinywani mwa Mchina, ambaye lugha yake haina neno linaloishia na m, naam lingekuwa nini? Lingetafutiwa irabu ya kulishika mkono. Na, mu.

Hapo mtu mwenye akili timamu angepiga kelele. Mimi nilisema nina haraka, nikaondoka. Nilitaka kumkabidhi kitu kilichokamilika, kurasa safi zenye klabu yote kuanzia kuzaliwa hadi kufa, na yeye katikati. Jumamosi nzima nilihangaika kujua kama jezi ya ugenini ilikuwa kijani au buluu. Picha zilipingana. Mwenyekiti sikumpigia.

Kikao kilikuwa Jumapili saa nane mchana, Barking. Nilipanda treni Wembley Park nikiwa na nakala tano. Kabla ya Baker Street nikaona, ukurasa wa kwanza, nimeandika "aliye funga" maneno mawili. Aliye. Funga. Kosa ambalo mimi huwacheka wengine wanapolifanya kwenye magrupu ya simu. Nikaona uso wa mwenyekiti akilisoma. Niliteremka, nikavuka upande wa pili, nikarudi Wembley kuchapisha upya.

Nilifika kikao kimekwisha. Mjomba alikuwa anapanga viti juu ya viti pamoja na mgombea mwenzake, ambaye sasa alikuwa kocha.

"Dada," mwenyekiti alisema, "tulikuuliza Jumanne. Ulisema hujampata."

"Nilisema bado."

"Ndiyo. Na sisi tulikuwa na leo tu."

Nje, kwenye kituo cha basi, nilimpa mjomba karatasi nikamweleza kuhusu herufi mbili. Alianza kucheka hadi akashika nguzo.

"Yule binti mkalimani! Nimeshuka kwenye ndege sijalala siku mbili, ananiambia 'nem, nem', kumbe anauliza jina kwa Kiingereza. Mimi nikajua ananiita. Nikamjibu: naam. Akaandika! Msimu mzima uwanja unaimba namu, namu, mimi nadhani ndivyo Wachina wanavyoshangilia!"

Nilicheka pia, halafu nikashindwa.

"Mjomba, nilidhani unatudanganya."

Alikunja karatasi. "Muda gani?"

"Wiki tatu."

"Shangazi yako alichukua miezi sita." Basi lilipita, si letu. "Lakini yeye hakuwaambia watu wa Barking."

Afadhali angenigombeza. Tulipanda ghorofa ya juu ya basi, akazisoma kurasa zote akifuata mistari kwa kidole, na mimi nikamtazama usoni kusubiri kosa. Alipofika kwenye goli la mvua kidole kikasimama.

"Hapa umeandika nilipiga kwa kichwa."

"Ndivyo lilivyosema gazeti."

"Ulinigonga mgongoni." Alishusha sauti ingawa karibu yetu hapakuwa na mtu. "Nilikuwa nimegeuka namgombeza Mbrazil. Mpira ukapigwa, ukanigonga hapa, ukaingia. Goli lenyewe sijaliona. Sijamwambia mtu. Andika hivyo."

"Sina ushahidi, mjomba. Siwezi kuandika kitu kisicho na ushahidi."

Alinigongea neno hilo kwa kidole. Nikatoa kalamu, nikakata "kichwa".

Jioni hiyo niliiweka habari ya klabu mtandaoni, jezi ya ugenini ikiwa haijulikani rangi, mgongo ukiwa hauna shahidi ila mwenyewe. Nilituma kiungo kwenye grupu la Barking na sentensi moja: kwamba Jumanne nilisema bado, na kosa ni langu. Tangu siku hiyo nimeufungua ukurasa huo mara nyingi mno kuusahihisha, nikaufunga.

Jumapili iliyofuata mjomba alikwenda kuwatazama wakicheza. Nilimfuata. Alisimama nje ya mstari wa chokaa, mikono mfukoni, uso kwa uwanja, na mimi kando yake nikiutafuna ukucha, nikiwaza ile buluu. Kocha mpya hakututazama. Kipindi cha pili winga wao wa kushoto, jitu la miraba minne, akapoteza mpira wa wazi, akageuka kwetu akicheka:

"Namu! Njoo utufundishe kufunga kwa mgongo!"

"Naam!" mjomba akaitika, kabla hajajua kwamba anataniwa. Watu wakaangua kicheko, na kocha naye akacheka, akiwa ameshika kibendera cha mwamuzi wa pembeni ambacho hakuna aliyetaka kukishika. Akakinyoosha kuelekea kwetu.

Mjomba alitazama kile kibendera. Halafu akavuka chokaa kwenda kukichukua, akinena na yule winga njia nzima, kwa sauti kubwa, kwamba mguu wake wa kulia anautumia kwa kuvalia kiatu tu.