Shingo ya Kuku Siku ya Kumposea Mdogo Wangu

Nikicheka sasa msidhani aibu imeisha, bado ninayo, ila naona bora niwaelezee mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mururu, maana wale huongeza chumvi.

Tulikwenda huko, ng'ambo ya mpaka, kumposea mdogo wangu Pascal, na msemaji wa familia nilikuwa mimi. Kwetu kuposa ni vita vya maneno, msemaji wao anakuchokoza, unamjibu, na binti yuko ndani anasikiliza. Binti mwenyewe anafundisha Kiingereza, nami (mtoto wa Bukavu, Kifaransa nakimwaga, Kiingereza sina hata cha kuombea maji) nikaamua kumsifu umbo lake kwa neno moja tu la Kiingereza, wajue nasi tumesoma. Nikaandika "mwembamba" kwenye simu initafsirie, yakaja maneno chungu nzima, nikachagua lililonishinda kutamka, nikidhani neno gumu ndilo lenye heshima.

Nikashika mikro, kile kipaza sauti. "Tunakuya kuomba mutoto yenu juu iko muzuri, iko scraggy!" Nikarudia, kwa maringo.

Waliojua wakaziba midomo. Baba wa binti akaingia ndani, akarudi amekunja uso.

"Muzee, mutoto anakatala kutoka. Anasema kama mulikuya kumutukana, murudie na ng'ombe yenu."

Jamani, jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Pascal alimngoja yule binti miaka minne, na mimi nimemharibia kwa neno moja! Hata kuniangalia hakuniangalia. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, nikakiri kwamba neno nimeliokota kwenye simu na maana yake siijui.

Mwishowe binti akatoka mwenyewe na sahani, juu yake shingo ya kuku, imekauka, ngozi imekwaruzika, mifupa inahesabika.

"Shemeji, scraggy ndio hii. Ile kukonda ya mifupa, ya ngozi mubaya. Sasa uniangalie vizuri. Ndio miye?"

"Hapana, maman."

"Basi kula."

Nikaila yote mbele ya wakwe, na mikro niliyosahau kuizima ikatangaza kila mfupa. Ndipo binti akacheka, na Pascal akapata mke.

Ni mwaka wa tatu sasa. Nikienda kula kwao Jumapili, shingo inakuja kwangu bila mtu kuuliza. Naila. Na nikitaka kumsifu mtu, nasema ni mzuri, nanyamaza.