Picha Zilizouza Gari la Mzee

Mtaani walimwita Usicheke. Kwa miaka kumi na mitano alipiga picha za pasipoti katika chumba chenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka, na kila aliyekikalia aliambiwa neno hilo hilo. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri, kiti kikabaki cha watoto wa jirani kuchezea. Usicheke akaamua kuhamia kwenye magari. Gari, alisema, halifumbi macho wala haliulizi kama limenenepa.

Kazi ilikuwa kuwapata wenye magari. Aliwafuata kwenye sehemu za kuoshea, akajieleza kwa heshima, na wengi wakamtazama kama mtu aliyekuja kung'oa vioo vya pembeni. Mmoja alikubali, kisha akasimama mbele ya gari muda wote, mikono kiunoni. Ndipo dada yake Usicheke akamshauri amwone shemeji, yaani mumewe, fundi wa kunyoosha bodi mwenye gereji yake. Wenye magari wote wanapita kwangu, shemeji akasema, nitakushika mkono.

Akamshika kweli. Wiki ile ile alimpeleka kwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, aliyetunza gari lake dogo la bluu tangu ujanani. Shemeji alieleza kwamba mtoto wa mzee anataka picha kubwa za kutundika sebuleni, ziwe zawadi kwa baba.

Usicheke alifika asubuhi, jua likiwa bado la upande. Mzee alikuwa ameshalipangusa gari mara mbili. Alimwambia asilipige kwa juu kama anayemkaripia mtoto. Achuchumae, taa ziwe usawa wa macho. Akamwonyesha mkwaruzo mrefu mlangoni, wa siku binti yake alipojifunza baiskeli, akamwomba asiufiche. Walimalizia kwa chai kibarazani, mzee akimwita mwanangu. Picha zote Usicheke akampa shemeji azifikishe.

Mwezi haukuisha. Siku moja, akipekua matangazo ya magari kwenye simu aone wenzake wanapigaje, akakutana na gari la bluu. Picha zilikuwa zake, ila mlango ulikuwa laini kama yai, mkwaruzo umefutwa. Juu pameandikwa: Limeshauzwa. Namba ya simu ilikuwa ya gereji ya shemeji.

Alikwenda kwa miguu. Shemeji hakukana. Alisema kadi ya gari ina jina la mtoto, mzee macho yamekwisha, na gari lisiloendeshwa ni kabati tu.

"Ningekwambia, ungekataa," alisema, huku akipiga msasa bampa.

"Kwa hiyo ulijua ni vibaya."

Shemeji akaendelea na msasa wake.

Usicheke aliona heri mzee ausikie ukweli kutoka kwake, lakini alikuwa amechelewa. Gari liliondolewa mzee akiwa hospitali, amelazwa kwa upasuaji wa jicho. Alimkuta kibarazani, jicho moja limefungwa bandeji.

"Picha ni zako?"

"Ni zangu, baba. Lakini sikujua zinakwenda wapi."

"Hata mwanangu anasema hakujua."

Hakumkaribisha kiti. Aliinuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani na kuufunga mlango taratibu. Usicheke angependa aubamize.

Dada alimsihi yaishe, kwani shemeji ni mtu wa nyumbani. Usicheke akamjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na yeye amejikuna vya kutosha. Hajakanyaga tena kwao.

Amerudi kwenye sehemu za kuoshea magari. Wateja wanakuja mmoja mmoja, na kila picha anaikabidhi mkononi mwa mwenye gari. Anayetuma mtu anarudishiwa mtu wake mikono mitupu. Mara mbili amekutana na mzee akienda dukani kwa miguu. Mara zote mbili amemwamkia shikamoo, na mzee ameitikia marahaba, kama anavyomwitikia mpita njia yeyote, akaendelea na safari yake.